Pointi Iliyorudishwa

Kila mchezaji niliyemuuliza kuhusu nchi alizofika alinieleza sakafu. Mmoja alikumbuka mbao za rangi ya asali zilizolia chini ya viatu vyake. Mwingine alikumbuka mkeka wa plastiki wa kijani, mwororo kana kwamba chini yake pametandikwa godoro. Mwanamke mmoja, ambaye katika ujana wake alivuka mabara mawili akiwa na fulana ya taifa, alifumba macho, kisha akasema taa za huko zilikuwa juu sana, na kinyoya kikirushwa kilipotelea ndani ya mwanga kama sukari ndani ya chai, halafu kikarudi. Nikamuuliza mji wenyewe ulikuwaje. Akasema hajui. Waliingia ukumbini asubuhi, na walipotoka jua lilikuwa limekwisha kuzama.

Mpira wa vinyoya, ambao wengi siku hizi huuita badminton, haupatani na upepo. Kile kikombe kidogo cha manyoya ya bata kilichochomekwa kwenye kizibo huyumbishwa hata na mtu anayefungua mlango. Kwa hiyo madirisha hufungwa, mapazia hushushwa, na feni huzimwa hata kama watu wanatota jasho. Nilivyozidi kusikiliza ndivyo nilivyoanza kuona kwamba timu yetu ya taifa, katika safari zake zote za kwenda kushindana ng'ambo, ilikuwa ikirudi ndani ya ukumbi uleule mmoja. Ukumbi mkubwa, usio na mvua wala kiangazi, ambamo watu wasiojua lugha za wenzao walirushiana kitu chepesi huku na huku mpaka upande mmoja uchoke. Majina ya miji yalibadilika. Ukumbi ulibaki pale pale, ukiwasubiri.

Mimi ni karani wa mahakama Shanzu. Kazi yangu ni kumbukumbu: nani alisema nini, mbele ya nani, kilitangulia kipi. Siku za Jumamosi hucheza na kikundi cha watu wazima katika ukumbi wa shule huko Kisauni, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, wamenifanya katibu. Ndiyo maana viongozi wa mchezo walipotaka kijitabu kifupi cha historia ya timu ya taifa, wakigawe kwa vijana watakaosafiri na timu mpya, waliniletea mimi boksi la karatasi.

Nilizitandaza sebuleni, na kwa majuma kadhaa watu wa nyumbani walikuwa wakiziruka kama madimbwi. Nikaanza na safari za jirani, za kwenda kwa barabara na kulala kwenye mabweni ya shule. Zikafuata za bara zima. Mwisho nikaweka zile za mbali, za mashindano ya mataifa mengi. Kwa majirani tulishinda leo tukashindwa kesho. Kwa bara tulijikongoja. Mbali huko, kwa karatasi nilizokuwa nazo, mistari yote iliishia mahali pamoja: raundi ya kwanza, wakafungasha.

Hata hivyo nilizipenda zile karatasi. Kuna mchezaji ambaye sanduku lake lilipotea njiani akacheza na viatu vya kuazima vilivyompwaya, akawa anateleza hata pale ambapo hakukuwa na haja ya kukimbia. Kuna wachezaji wa Nairobi, waliozoea hewa nyepesi ya juu, walioshuka mji fulani wa pwani na kuona vinyoya vyao vyote vinadondoka katikati ya uwanja kama vimekata tamaa. Na kuna wa kwetu Mombasa, waliozoea hewa hii nzito yenye chumvi, waliopelekwa mji wa milimani wakapiga kila kinyoya nje ya mstari, kimoja baada ya kingine, wakitazama vinavyoelea na kuelea bila kutua.

Mistari yote ilikuwa na pointi tu, na jina la nchi. Isipokuwa mmoja. Mchezo wa wawili wawili, mwanamke na mwanamume kila upande. Pointi zimeandikwa, kisha mbele yake mtu amepiga chapa maneno haya: "Walishindwa kwa kosa la mchezaji."

Katika kazi yangu nimejifunza kwamba sababu ikiandikwa mahali pamoja, na kwingine kote haikuandikwa, basi aliyeandika alikuwa na hasira. Kwa maneno ya chini chini ya nyumbani, nilijua pia mchezaji huyo ni nani. Ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba.

*

Shangazi anakaa Bofu, Likoni, ng'ambo ya feri, katika nyumba aliyozaliwa. Maisha yake ya kazi aliyatumia katika chumba cha dobi cha hoteli upande wa pili wa mji, akinyoosha mashuka ya wageni, na tangu astaafu hataki kuona pasi. Nilimkuta barazani anachambua kunde.

"Hodi hapa. Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Huko Shanzu kuna mfungo wao peke yao?"

"Kazi nyingi."

"Nasikia umepewa timu."

"Nimepewa karatasi, shangazi, timu sijapewa."

"Umenifikia?"

"Nimekufikia."

"Wameniandikaje?"

Nikamsomea. Aliendelea kutupa kunde mbovu upande mmoja na nzima upande mwingine, wala mkono wake haukukosea.

"Kosa la mchezaji," alirudia. "Hawakusema mchezaji yupi. Wamenistahi, wallahi." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Na wewe utaandika nini?"

"Sijui bado."

"Basi usiandike mpaka ujue. Watu wengine watakifungua hicho kijitabu mara moja kisha wafunikie mtungi. Wajukuu zangu watakisoma kila Idi, wakijaa hapa. Watasoma kwamba bibi yao aliinyima nchi ushindi. Sawa, kama ndivyo ilivyokuwa waandikie. Lakini ujue kwanza."

Ili mtu aelewe kilichotokea, lazima nieleze wavu wetu wa Likoni.

Ukumbi tuliojifunzia mchezo, yeye kabla yangu na mimi baada yake, ulikuwa ghala la zamani la nazi. Mchana mwanga uliingia kwa juu tu, kwenye matundu ya hewa, ukashuka kama vitambaa virefu vilivyoning'inizwa, na vumbi la makumbi likawa linatembea ndani yake. Wavu wa mchezo ulikuwa umeoza siku nyingi. Badala yake wavuvi wa mtaani walitoa kipande cha jarife, ule wavu wa kamba nene na macho mapana wa kukamatia papa na wale samaki bapa waitwao taa. Jicho moja la jarife ni pana kuliko kinyoya. Kwa hiyo kinyoya kikipigwa chini kidogo kiliweza kupenya, kikatua upande wa pili vizuri kabisa, na mtu aliyekaa pembeni asijue kama kimepita juu au kimepita ndani.

Hapo ndipo ilipozuka desturi ambayo sijaiona kwingine. Aliyepiga ndiye aliyesema. Kinyoya chako kikipenya, uliinua raketi na kusema "kimepita ndani," na pointi ikaenda kwa mwenzako. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyekusifu. Ukinyamaza ukala pointi isiyo yako, hukugombezwa pia. Ila kesho yake ungekaa kwenye benchi ukingoja kuitwa, na watu wangekuwa wanaitana wenyewe kwa wenyewe, alasiri nzima, kana kwamba hawakuoni.

Na mpigaji alijuaje? Kwa macho mara chache. Kinyoya huenda na mvumo wake, mdogo sana, na manyoya yakigusa kamba mvumo ule hubadilika. Watu wa Likoni walicheza wakisikiliza. Nakumbuka kimya cha ghala lile, harufu ya mafuta ya nazi iliyobaki kwenye kuta, na mvumo unaokuja kwako kama mtu anayetaka kukwambia jambo akaghairi.

*

Shangazi alinisimulia mchezo wenyewe siku hiyo hiyo, na mimi nikaandika. Alisimulia taratibu, akisimama mara kwa mara, kama mtu anayepita chumbani gizani na kushika viti ajue yuko wapi.

Mwenzake alikuwa kijana wa Mikindani, familia yake imetoka bara ya pwani, Kaloleni huko. Walichaguliwa pamoja na hawakupatana katika jambo lolote nje ya uwanja. Ndani ya uwanja walikuwa kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Yeye mbele, karibu na wavu. Kijana nyuma, akichapa.

Walishinda seti ya kwanza na hawakuamini. Ya pili walifika mahali walipohitaji pointi moja tu. Viongozi wa msafara walikuwa wamesimama. Katika nchi ile, katika mashindano yale, hapakuwa na mtu wa timu yetu aliyewahi kusimama.

"Kinyoya kikaja kwangu," alisema shangazi, "kulia kabisa, karibu na mlingoti. Kimekuja pole, mwanangu. Niliona manyoya yake yote. Ningeweza kuyahesabu. Nikakigusa tu, hivi, kwa upande. Kikaenda. Kikatua ndani ya mstari wao, na yule dada wa upande ule akainama, amekwisha. Mwamuzi akanyoosha mkono kwetu. Mwenzangu akaruka, nilisikia viatu vyake vimeachana na sakafu."

"Kisha?"

"Kisha nikawa nimeinua raketi."

"Ulifikiri kwanza?"

"Hapana. Mkono ulikuwa juu, na mdomo unasema kimepita ndani. Kwa Kiswahili. Mzungu wa watu ananitazama, hajui namuombea dua au namtukana."

Kilipita, alisema, kati ya ukingo wa wavu na mlingoti, pale unapofungwa kwa kamba. Alisikia mvumo umekatika. Akamwonyesha mwamuzi kwa raketi. Mwamuzi akamgeukia yule kijana, akamuuliza kwa macho, ndivyo au sivyo? Kijana akainamisha kichwa. Mwamuzi akainua mabega, akafuta pointi. Baadaye kuna mtu alikuja akashikashika kamba za wavu. Au labda hakuja. Shangazi hana hakika kama hilo aliliona au aliliota, maana ameliota mara nyingi.

Hawakupata tena kitu. Seti ile ikaponyoka, ya tatu ikaisha haraka kama chakula cha msibani.

Ndani ya ndege kiongozi wa msafara alimfuata kwenye kiti chake. Hakupandisha sauti. Alimwambia, "Dada, nyavu za kule hazina matundu. Umecheza na wavu wa kwenu." Maneno hayo ndiyo yaliyobaki. Hakuitwa tena kwenye timu. Mwenzake aliitwa mara nyingine mbili, na kila alipoulizwa alisema vivyo hivyo, wavu ulikuwa mzima.

"Wanasema nilichukua jarife la Likoni kichwani nikalifunga kule," alisema shangazi. "Na huenda ni kweli. Nikiamka alfajiri nina hakika nilisikia. Nikiteka maji, hakika inapungua. Chai ikichemka imekwisha. Sijui kama nilirudisha pointi isiyo yangu, au nilitupa iliyokuwa yetu."

"Mwenzako ulimuuliza?"

"Yuko Mikindani."

"Najua. Ulimuuliza?"

"Feri," alisema, kana kwamba hilo ni jibu, na akainuka kwenda kuteleka kunde zake.

*

Yule kijana wa Mikindani, ambaye sasa ni mzee, nilimpata Jumapili, ametoka kanisani, bado amevaa shati la mikono mirefu. Nyumba yake iko nyuma kidogo ya barabara ya Nairobi, na kila lori la makontena likipita vioo vya madirisha hutetemeka, naye hunyamaza hadi lipite, kisha huendelea pale pale alipoishia neno. Ni mtu mkubwa mwenye goti bovu na sauti ya kuchekesha.

"Wewe ni wa yule bibi? Unafanana naye paji la uso. Natumaini masikio hukurithi."

"Kwa nini, mjomba?"

"Shangazi yako anacheza kwa masikio! Watu wote duniani wanacheza kwa macho, yeye anasikiliza. Nilikuwa nikimwambia, dada, huu ni mpira, si redio."

Nikamuuliza kuhusu wavu.

"Ule wavu?" Akanyoosha kiganja mbele yangu, vidole vimebanana. "Ule mbu angebisha hodi. Ulikuwa wavu wa mashindano, mwanangu. Mpya. Shangazi yako ni mtu mwema, lakini siku ile alituua kwa wema."

Alinionyesha picha ukutani, kati ya kalenda na saa. Ilipigwa asubuhi ile kabla ya mchezo: wachezaji wanne mbele ya wavu, wawili wetu na wawili wao. Shangazi ni mwembamba, shingo ndefu, mtandio umefungwa nyuma. Yule dada wa upande wa pili ameshika kinyoya kifuani kama ua. Mzee alinieleza viatu alivyovaa, raketi ilivyokuwa, na jinsi mkewe anavyoifuta vumbi picha hiyo kila Jumamosi bila kukosa.

Mahakamani watu wakipewa picha hutazama nyuso. Mimi nimezoea kuanza kwenye kona, kwa sababu mpiga picha hupanga katikati, na kona hujipanga zenyewe. Kwenye ukingo wa kulia kulikuwa na mlingoti. Wavu umefungwa kwake juu, na umefungwa chini. Katikati pale kamba ilikuwa imelegea, wavu umejikunja kuelekea ndani, na kati ya wavu na mlingoti mlionekana ukuta wa nyuma, mweupe, kama mlango uliosahauliwa wazi. Nikapima kwa jicho. Kisha nikapima kinyoya alichoshika yule dada, ambaye alikuwa amesimama karibu na mlingoti ule ule. Nikarudia mara tatu, maana sikutaka kujidanganya kwa ajili ya damu.

"Mjomba, tafadhali tuishushe."

Aliishusha, akaiweka mezani, akatafuta miwani. Nikamwekea ncha ya kalamu pale. Lori likapita. Likapita jingine. Vioo vilipotulia bado alikuwa ameinama.

"Hii picha nimekaa nayo nyumba mbili," alisema. "Kumbe nilikuwa najitazama mimi."

Nikaondoa kalamu yangu. Nimeona mara nyingi kwamba mtu akifika mahali pale, ukimwachia kimya atasema kilichobaki.

"Mwamuzi aliniuliza, unajua? Kwa macho."

"Ulimjibu nini?"

"Nilitazama chini." Alivua miwani. "Kinyoya kikipita juu ya wavu kutoka karibu vile, hushuka kimesimama. Kile kilikwenda kimelala. Kilikwenda ubavu. Nilikiona kinavyotua, nikajiambia sijui nimeona nini. Halafu nikarudi nyumbani nikasema wavu ulikuwa mzima, na mtu akisema jambo mara nyingi..." Akaacha hapo. Kutoka jikoni mkewe akauliza kama mgeni anatumia sukari.

*

Jumapili iliyofuata alikuja Bofu mwenyewe. Siku hizi mtu wa Mikindani anaweza kufika Likoni kwa gari bila kuvuka maji, kupitia barabara mpya ya Dongo Kundu, na mwanawe alimleta akamshusha penye kona. Mimi nilikuwa nimemwarifu shangazi, naye alikuwa ameoga mapema, akavaa leso mpya, akakaa barazani akijifanya hana habari.

Alikuja akichechemea, picha ameifunga kwenye kitambaa cha meza.

"Hodi!"

"Nani huyo anabisha kama mkusanya kodi?"

"Mwenzio."

"Sina mwenzangu hapa. Nilikuwa na mmoja, alizama na feri."

"Sijazama, dada."

"Basi kumbe ulikuwa mzima! Miaka yote hii feri inapita bure, mtu wa miguu halipi, na bado hukuja. Wamekujengea barabara nzima na madaraja yake, umekosa pa kujificha. Karibu ukae. Si hapo, hicho kiti kitakulalamikia. Umenenepa."

"Na wewe ulimi haujazeeka."

"Sikuutumia sana. Sikuwa na mtu wa kumtukana."

Nilileta chai na mahamri, nikakaa kando na daftari langu. Mzee akafungua kitambaa, akamkabidhi picha kwa mikono miwili.

Shangazi hakutazama kona. Alijitazama yeye kwanza, muda mrefu, kichwa ameinamisha upande. "Ala! Nilikuwa na shingo," alisema. Kisha mzee akamwonyesha mlingoti. Shangazi akaweka kidole chake pale, na kidole kikaziba pengo lote, kwa hiyo akakiondoa, akatazama, akakirudisha, akakiondoa tena. Alasiri ilikuwa imetulia kama maji ya birikani. Mahali fulani mtu alikuwa anapiga deki, tukasikia maji yanamwagwa, yanasukumwa, yanamwagwa. Sikuthubutu kugeuza ukurasa.

"Hii haionyeshi kinyoya kinapita," alisema hatimaye.

"Inaonyesha kiliweza kupita," nikasema.

"Nimesikia, bibi karani. Lakini hakionekani kinapita."

"Kilipita," alisema mzee.

"Nani amekuuliza wewe?"

"Mwamuzi aliniuliza. Ndiyo namjibu."

Shangazi akaiweka picha magotini. Alifungua mdomo, nikajua linakuja tusi, na halikuja. Alichukua hamri moja, akalikata vipande viwili, akampa mwenzake kipande kikubwa, na wakala. Mzee alitafuna ameelekeza macho upande wa barabara.

Nikawasomea nilichoandika badala ya ule mstari wa zamani. "Walipobakiza pointi moja washinde, mchezaji alitangaza mwenyewe kwamba kinyoya chake kimepita kando ya wavu. Mwamuzi alikubali, pointi ikafutwa."

"Mtoe mwamuzi," alisema shangazi. "Hakukubali yule. Nilimlazimisha."

Nikamtoa.

"Ongeza," alisema mzee. "Andika mwenzake aliulizwa akanyamaza."

"Usiandike hilo."

"Andika, mwanangu."

"Usiandike! Ana wajukuu huyu. Wanamwona kama mlima. Unataka wakasome hayo shuleni?"

"Wajukuu unao wewe pia," mzee alisema. "Wangesoma kosa la mchezaji kwa sababu mimi nilinyamaza. Zamu yangu imefika, dada. Niachie pointi yangu niirudishe."

Wakabishana hivyo hadi chai ikapoa. Mimi nikawa naandika na kukata, naandika na kukata, nao wakiinama juu ya daftari, kila mmoja akinyooshea kidole neno lake, na kwa mara ya kwanza nikaelewa jinsi uwanja ulivyokuwa pindi walipokuwa upande mmoja. Mwisho shangazi ndiye aliyechoka.

"Haya. Lakini kunyamaza usimwandikie. Mtu aliyenyamaza hajibu, na huyu amejibu. Andika alichelewa."

Ndivyo nilivyoandika. Mwenzake aliulizwa na mwamuzi kama ni kweli. Alichelewa kujibu, lakini alisema ni kweli. Mzee alinitaka nimsomee mara mbili. Kisha mwanawe akapiga honi kwenye kona, mzee akaondoka, na picha akaiacha pale kwenye kiti bila kusema kama ameiazimisha au ameitoa.

Shangazi hakuigusa. Alikusanya vikombe, akarudi, akakaa, akaangalia barabara alikopotelea yule mtu. Nilidhani amemaliza, nikawa nafunga daftari.

"Karani."

"Abee shangazi."

"Wale wawili tuliocheza nao. Majina yao yamo kwenye karatasi zako?"

Nikapekua. Yalikuwamo, lakini aliyepiga chapa alikuwa ameyaharibu, la yule dada limekosewa herufi, la mwenziwe limekatika nusu. Nikamwambia.

"Yatafute yalivyo," alisema, "uyaandike sawasawa. Walishinda wao."